Neno na Jirani Yake: Namna ya Kujifunza Msamiati wa Juu wa Kiingereza, Jozi za Maneno na Nahau

Mtu aliyesoma Kiingereza tangu sekondari, akamaliza chuo na sasa anaandika ripoti kwa lugha hiyo kila wiki, mara nyingi hukwama mahali pamoja. Sarufi haimsumbui sana. Maneno anayo. Lakini akiandika “There was a big rain and he got an accident”, kila mtu anamwelewa, na kila mtu anasikia kwamba hapo pana kasoro. Ukichomoa neno mojamoja kosa hulioni: “big” ni neno sahihi, “rain” ni neno sahihi. Kosa liko kwenye ujirani. Kwa Kiingereza mvua ni “heavy”, na ajali mtu huwa “nayo”: “There was heavy rain and he had an accident”.

Sisi wazungumzaji wa Kiswahili jambo hili tunalijua tangu utotoni bila kufundishwa. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi, tunapiga kura. Mgeni akisema “nimefanya simu” au “nimegonga pasi” tunamwelewa, ila sikio linakataa. Kwa nini pasi ipigwe na isigongwe? Hakuna sababu ya kumpa. Maneno hayo yamezoeana, basi. Mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alilieleza hilo mwaka 1957: neno hujulikana kwa wenzake linaoandamana nao. Katika mwongozo huu maneno yaliyozoeana hivyo tutayaita jozi, hata kama ni matatu au manne.

Kwa hiyo kazi ya ngazi ya juu ni kuacha kukusanya neno mojamoja na kuanza kukusanya jozi. Waliosoma shule za msingi za serikali Tanzania, ambako masomo ni kwa Kiswahili, waliingia kidato cha kwanza wakajenga msamiati kwa orodha: neno upande huu, tafsiri upande ule. Njia hiyo inafaa kwa maneno elfu mbili ya kwanza. Baada ya hapo inaanza kuzaa makosa.

Anza na mitego iliyomo ndani ya Kiswahili chenyewe

Chukua daftari, tenga kurasa tano, na juu ya kila ukurasa andika kitenzi kimoja: piga, toa, kata, kula, pata. Chini ya kila kimoja andika mafungu ishirini unayoyatumia kila siku. Kisha tafuta Kiingereza cha kila fungu kwa kamusi, si kwa kukisia. Mafungu mia moja, kama jioni nne hivi za kazi. Hakuna zoezi linalolipa haraka kama hili, kwa sababu makosa mengi ya jozi tunayofanya yanatoka hapa.

Utaona mambo matatu. Kwanza, “piga” hugawanyika. Piga simu ni “make a call”, piga picha ni “take a photo”, piga hatua kwa maana ya maendeleo ni “make progress”, piga kura ni “cast a vote” au “vote” peke yake, piga sindano ni “give an injection”. Pili, mara nyingi Kiingereza hakihitaji fungu kabisa: piga pasi ni “iron”, piga deki ni “mop”, piga miayo ni “yawn”, piga chafya ni “sneeze”, piga magoti ni “kneel”. Toa jasho ni “sweat”; lakini toa machozi unaweza kusema “shed tears”. Tatu, kuna mafungu yanayolingana kabisa, na hayo ndiyo ya hatari. Vunja sheria, vunja ahadi na vunja rekodi yote ni “break”. Ukishaona matatu yamelingana, mkono unaandika la nne bila kuuliza: vunja bunge, “break parliament”. Hapana. Bunge ni “dissolve”.

Toa nayo inahitaji macho. Kutoa hotuba ni “give” au “deliver a speech”, kutoa taarifa kwa umma ni “issue a statement”, kutoa uamuzi wa kawaida ni “make a decision”, kutoa ushahidi mahakamani ni “give evidence”. Kata rufaa ni “lodge an appeal” au “file an appeal”. Kata tamaa ni “lose hope” au “give up”. Kata kiu ni “quench your thirst”. Kata simu ni “hang up”. Kula kiapo ni “take an oath”, kula rushwa ni “take bribes”, kula njama ni “conspire”. Ongeza na ukurasa wa sita wa sikia: kusikia harufu ni “smell”, si “hear”, kusikia njaa ni “feel hungry”. Na dawa Waingereza hawainywi, wanaichukua: “take medicine”, iwe ya maji au ya vidonge. Redio na taa hazifunguliwi wala kufungwa. Ni “turn on” na “turn off”.

Kuna kosa jingine la nyumbani kwetu, nalo linasikika kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, hata kwa watu wenye shahada: “discuss about”, “emphasise on”, “request for”, “demand for” vikitumika kama vitenzi. Chanzo chake si uzembe. Nomino za maneno hayo huchukua kihusishi: “a discussion about”, “emphasis on”, “a request for leave”, “a demand for better pay”. Vitenzi vyake havichukui: “discuss the matter”, “emphasise the point”, “request leave”, “demand better pay”. Ukikumbuka kwamba kihusishi ni mali ya nomino, makosa manne yanaondoka kwa pamoja. “Comprise of” lina chanzo tofauti kidogo: limechanganywa na “consist of”. Kamati “consists of five members” au “comprises five members”, chagua moja.

Na wingi. Vifaa, samani, habari, mizigo, ushauri: kwetu ni vitu vingi au havina shida ya kuhesabika, lakini “equipment”, “furniture”, “information”, “luggage”, “advice”, “research” na “feedback” havipokei s. Ukitaka kimoja sema “a piece of”, kama “a piece of advice”.

Maneno yapi yanastahili jasho lako

Mtafiti wa msamiati Paul Nation, katika hesabu zake za mwaka 2006, alionyesha kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza ukielewa asilimia 98 ya maneno kunahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia moja ni neno na watoto wake: “decide”, “decision”, “decisive”, “undecided”. Kwa mazungumzo alikadiria kati ya 6,000 na 7,000. Hesabu hizo zinakupa kipimo cha vitendo. Asilimia 98 maana yake ni maneno mawili mageni katika kila mia. Chukua makala, hesabu maneno 100, pigia mstari usiyoyajua. Yakiwa mawili au matatu, hiyo ni makala ya kusoma na kujifunza. Yakizidi matano, unachimba tu. Iweke, utairudia baada ya miezi sita.

Kwa mpangilio: hakikisha kwanza elfu mbili za msingi, zile ambazo Michael West alizichapisha kama orodha mwaka 1953 na ambazo zimeboreshwa na wengine tangu hapo. Kisha orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000. Ina familia 570, na hizo peke yake hufikia kama asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya vyuoni. Imegawanywa mafungu kumi kuanzia yanayotokea mara nyingi zaidi, na inapatikana bure mtandaoni. Baada ya hapo, maneno ya fani yako: sheria, uuguzi, uhandisi, fedha.

Hapa watu wengi huruka. Wanakimbilia maneno mazito, “utilise”, “commence”, “peruse”, “plethora”, kwa kuamini kwamba neno refu ndilo la juu. Barua inayosema “I humbly request you to peruse the attached” haionyeshi msamiati mkubwa. Inaonyesha mwandishi aliyevaa koti la mtu mwingine. Sehemu kubwa ya Kiingereza cha juu ni maneno madogo unayoyajua, yakiwa na majirani usiowajua. Neno “raise” umelijua tangu siku mwalimu aliposema unyooshe mkono. Lakini je, linakujia unapotaka kuandika “raise concerns”, “raise funds”, “raise awareness”, “raise an objection”, “raise the alarm”? Chukua maneno mia mbili ya namna hiyo, kama “raise”, “meet”, “draw”, “hold”, “run”, “reach”, “set”, “strike”, na tafuta majirani watano wa kila moja. Umeongeza jozi elfu moja bila kujifunza neno hata moja jipya.

Kamusi ya kutumia, na namna ya kuifungua

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili inakupa maana, haikupi ujirani. Unahitaji kamusi iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kamusi hizo zina historia yake: A. S. Hornby alitayarisha ya kwake akiwa mwalimu Japani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, na ndiyo iliyozaa kamusi ya wanafunzi ya Oxford ya leo. Longman walitoa yao mwaka 1978 wakieleza maana zote kwa maneno ya msingi kama 2,000 tu. Kamusi ya COBUILD ya mwaka 1987, iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kutumia maandishi halisi yaliyokusanywa kwenye kompyuta, inaeleza neno ndani ya sentensi nzima. Zote hizi zina kurasa za bure mtandaoni, pamoja na ya Cambridge.

Ukilifungua neno, usikimbilie maana na kutoka. Angalia alama C au U, yaani linahesabika au halihesabiki. Angalia mafungu yaliyokolezwa wino. Hayo ndiyo jozi. Soma mifano yote, hata kama maana umeshaielewa. Mwisho angalia lebo: “formal”, “informal”, “old-fashioned”, “disapproving”. Lebo ya mwisho inasema neno hilo linalaumu, na watu wengi huikosa.

Kuna pia kamusi za jozi peke yake, kama ile ya Oxford iliyotoka mwaka 2002. Siri ya kuitumia ni moja: tafuta kwa nomino. Unapoandika, kitu unachotaka kukizungumzia unakijua tayari, ni mkataba, ni tarehe ya mwisho, ni ushahidi. Unachokosa ni kitenzi na kivumishi. Fungua “deadline” utapata “meet”, “miss”, “set”, “extend”, “tight”. Ukifungua “meet” utazama.

Ukiwa na shaka kati ya jozi mbili, tumia hazina ya maandishi, yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi halisi unaoweza kutafuta neno ndani yake. SkELL ni tovuti ya bure isiyohitaji kujisajili: andika neno, nayo inakupa sentensi hadi arobaini, na ukibofya sehemu ya “Word sketch” inakupangia majirani wa neno kwa makundi. COCA, iliyojengwa na Mark Davies kwa Kiingereza cha Marekani, ina maneno zaidi ya bilioni moja, lakini inataka usajili na ina kikomo cha matumizi ya bure. Kutafuta Google kwa alama za nukuu kunasaidia ukilinganisha jozi mbili tu. Usiamini idadi inayoonyeshwa, ni makadirio, na kosa lolote lina maelfu ya waliolirudia. Angalia nani ameandika: gazeti kubwa la Kiingereza, au tangazo la duka la ng’ambo lililotafsiriwa na mashine?

Ukurasa mmoja wa daftari

Huu ni mfano wa neno “evidence” lilivyoandikwa ipasavyo:

evidence: ushahidi, ithibati. Halina wingi. Kimoja: a piece of evidence
kitenzi kabla: gather, provide, find, destroy
kitenzi baada: evidence suggests, evidence shows
kivumishi: strong, compelling, conclusive, wa kinyume: flimsy
kihusishi: evidence of (dalili ya kitu), evidence for na against (kuunga au kupinga dai), evidence that + sentensi
sentensi yangu: There is strong evidence that the bridge was never inspected.
kosa langu: many evidences → a lot of evidence

Mistari saba, si zaidi. Kamusi ya jozi itakupa vivumishi thelathini vya “evidence”; ukivinakili vyote hutakumbuka hata kimoja. Chagua vitatu au vinne ambavyo wewe ungevitumia mwezi huu. Mstari wa sentensi yako ni wa lazima, na sentensi iwe ya kweli kwa maisha yako: daraja la kijijini kwenu, mkopo wa SACCOS, mgonjwa wa wodi yako. Mstari wa mwisho ndio watu huuacha kwa aibu, na ndio wenye thamani kuliko yote. Kosa lisiloandikwa litarudi.

Hisia iliyojificha ndani ya neno

Kuna maneno yenye tabia ya kuandamana na mabaya. “Cause” ni mojawapo: watu husema “cause damage”, “cause delays”, “cause concern”. Ukiandika “The project caused development in our district”, sarufi ni safi, ila sentensi inasikika kama unaulalamikia mradi. Andika “brought development” au “led to”. “Famous” ni sifa, “notorious” ni sifa mbaya. “Commit” hutangulia uhalifu na makosa. “Childlike” inasifu, “childish” inakemea.

Tunalo pia tatizo la “sana”. Kiswahili kinatosheka na neno moja hilo, kwa hiyo tunajaza “very” kila mahali, hadi “I very appreciate”, ambayo si Kiingereza. Ni “I really appreciate it”. Kila kivumishi au kitenzi kina “sana” yake: highly recommend, highly likely, deeply grateful, deeply concerned, bitterly disappointed, strongly oppose, heavily dependent, fully aware, widely used, closely linked, perfectly clear, utterly ridiculous. Kumi na mbili hizi zikae kichwani kama zilivyo, bila kuuliza kwa nini shukrani ni za kina na utegemezi ni mzito.

Vitenzi vyenye mkia

“Put off”, “put up with”, “carry out”, “look into”, “turn down”, “come up with”: kitenzi kidogo na mkia unaobadilisha maana yote. Vitabu vingi huvipanga kwa kitenzi, ukurasa mzima wa “put”. Usijifunze hivyo. Maneno yanayofanana umbo yakijifunzwa siku moja huchanganyana, na wiki ijayo hutajua kama kuahirisha ni “put off”, “put out” au “put away”. Chukua mmoja wa “put” wiki hii, mwingine baada ya wiki tatu.

Kanuni moja ya kuangalia ni kiwakilishi. “Put off the meeting” na “put the meeting off” zote sawa, lakini kiwakilishi lazima kiingie katikati: “put it off”, kamwe si “put off it”. Isipokuwa vile visivyotengana, kama “look into it”. Kamusi ya wanafunzi huonyesha hilo kwa kuweka “something” katikati au mwisho. Na katika maandishi rasmi vingi vina ndugu wa suti: “look into” na “investigate”, “put off” na “postpone”, “turn down” na “reject”. Andika wote wawili kwenye kadi moja.

Nahau: elewa nyingi, tumia chache

Nahau ndizo zinazowavutia watu zaidi na ndizo zinazowaumbua zaidi. Shuleni kila mtoto alikariri “raining cats and dogs”, lakini Waingereza wenyewe leo huisema kwa nadra. “Kick the bucket” ni kufa, ila ni lugha ya mzaha. Ukiiweka kwenye salamu za rambirambi umeitukana familia. Hapo panahitaji “pass away”.

Kabla ya kuipa nahau ruhusa ya kutoka mdomoni mwako, iulize maswali matatu. Nani huisema, na kwa nani? Inafaa kuandikwa au ni ya mazungumzo tu? Inapinda kiasi gani? Swali la tatu watu hawalifikirii. “Spill the beans” inakubali kugeuzwa, “the beans were spilled”. “Kick the bucket” haikubali. “The bucket was kicked” ni ndoo tu iliyopigwa teke. Umesikia nahau mara tatu kutoka kwa watu au maandishi matatu tofauti? Sasa itumie. Mara moja haitoshi.

Nahau zetu zinasaidia na zinapotosha. “Machozi ya mamba” ni “crocodile tears” neno kwa neno, na “damu nzito kuliko maji” ni “blood is thicker than water”. Mwenye mkono wa birika ni “tight-fisted”. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka kunakaribiana na “butter someone up”. Lakini chumvi inakwenda njia tatu. Kutia chumvi kwetu ni kuongeza uongo kwenye habari, aliyekula chumvi nyingi ni mzee, na Mwingereza akisema “take it with a pinch of salt” anakuonya usiiamini habari hiyo yote. Ukitafsiri moja kwa nyingine hutaeleweka.

Nahau nyingi za Kiingereza zinatokana na vyanzo vichache, na ukikijua chanzo kumbukumbu inapata pa kushika. Bahari: “know the ropes”, kujua kazi barabara, kama baharia anayejua kila kamba ya tanga, mtu wa pwani aliyeona jahazi hahitaji maelezo. “On an even keel”, mambo yametulia, chombo hakiyumbi. Kriketi kwa Waingereza: “on the back foot”, kuwekwa katika hali ya kujihami. Besiboli kwa Wamarekani: “a ballpark figure”, makadirio, na “touch base”, kuwasiliana kwa ufupi. Kwa kazi za ofisini anza na za kawaida zisizopiga kelele: “cut corners”, “a grey area”, “in the long run”, “in the pipeline”, “a stumbling block”, “by and large”, “draw the line”. Moja kwa wiki inatosha.

Wanaojiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wasikie hili vizuri. Katika kuandika na kuzungumza, msamiati ni kimoja kati ya vigezo vinne vyenye uzito sawa. Maelezo ya bendi ya 7 yanataka maneno yasiyo ya kawaida sana yatumike kwa kujua mtindo na jozi. Nahau kumi zilizokaririwa na kumwagwa ndani ya dakika mbili hazionyeshi hilo. “Meet a deadline” na “heavily dependent” zikikaa mahali pake zinaonyesha.

Kurudia

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyoyafanya kwa kumbukumbu yake mwenyewe, akaonyesha kwamba tunasahau kwa kasi mwanzoni kisha kasi inapungua. Kwa hiyo marudio yawe ya karibu mwanzoni na ya mbali baadaye: kesho yake, siku ya 3, ya 7, ya 16, ya 35. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, aliueneza mtindo wa sanduku lenye vyumba katika miaka ya 1970. Kadi uliyoijua inasonga chumba cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, uliyoikosa inarudi chumba cha kwanza. Boksi la viatu na vipande vya manila vinatosha. Programu ya Anki hufanya kazi hiyo kwenye simu. Kwa Android na kompyuta ni ya bure.

Kadi isiwe neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mbele weka sentensi yenye pengo na Kiswahili chake: “The police have ______ a thorough investigation”, polisi wamefanya uchunguzi wa kina. Nyuma: carried out, conducted. Kadi hiyo inakulazimisha utoe jozi kichwani, na ndiyo kazi utakayoifanya unapoandika.

Weka jozi saba mpya kwa siku, siku tano kwa wiki. Ni 35 kwa wiki, na ukiondoa wiki za mitihani, safari na misiba, bado unapita 1,500 kwa mwaka. Wanaoanza na ishirini kwa siku huacha, na sababu yake ni hesabu tu: baada ya mwezi mmoja marudio na kadi mpya za siku moja hufika 100 hivi, zikikosekana siku tatu yanakuwa mlima, mtu anafuta programu. Ukishalimbikiza, simamisha kadi mpya kwa wiki nzima na umalize za zamani kwanza. Kadi uliyoikosa mara sita ifute. Tafuta sentensi nyingine ya jozi ileile, kwa sababu sentensi ya kwanza haikugusi.

Tafsiri ya kwenda na kurudi

Zoezi hili ni la kale. Roger Ascham, mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alilipendekeza kwa Kilatini katika kitabu kilichotoka mwaka 1570, baada ya kifo chake. Chukua sentensi mbili au tatu za Kiingereza kizuri:

“The government came under heavy criticism after it failed to meet its own deadline. Officials blamed a shortage of funds, but the opposition dismissed this as a poor excuse.”

Zitafsiri kwa Kiswahili cha kawaida: Serikali ilikosolewa vikali baada ya kushindwa kumaliza kazi kwa muda iliojipangia yenyewe. Maofisa walisema tatizo ni uhaba wa fedha, lakini upinzani ukasema hicho ni kisingizio tu.

Ficha Kiingereza. Subiri siku mbili. Kisha rudisha Kiswahili chako kwenye Kiingereza bila kuchungulia. Huenda utaandika: “The government was criticised strongly after failing to finish the work in the time it planned. Officers said the problem was lack of money, but the opposition said that is just an excuse.” Hakuna kosa kubwa la sarufi, na hapo ndipo panapofundisha. Weka maandishi mawili sambamba na upigie mstari tofauti: “came under heavy criticism”, “meet a deadline”, “officials” badala ya “officers”, “blamed”, “a shortage of funds”, “dismissed this as”, “a poor excuse”. Jozi saba zinaingia kwenye kadi zako, na zote ni zile ambazo wewe mwenyewe umezikosa. Mara mbili kwa wiki, maneno yasizidi 80 kila mara. Yakizidi utachoka kabla ya kufika kwenye kulinganisha, ambako ndiko faida iliko.

Kwa kuzungumza, chagua jozi tano za wiki, jirekodi kwenye simu ukieleza jambo la kazini kwa dakika mbili, usikilize ukihesabu ngapi zimetoka bila kusita. Ambayo haijatoka, sema sentensi yake mara tatu kwa sauti na urekodi upya kesho.

Na mara moja kwa mwezi fungua barua pepe tano ulizotuma. Zungushia kalamu kila “very”, kila “big”, kila “good”, kila “do” na “get”. Chukua nomino iliyo karibu, ifungue kwenye kamusi ya jozi, na andika pembeni ungesemaje leo.